Mpango Wenye Theluji

Lamu mjini,
Jumapili baada ya adhuhuri

Baba Mkamburi mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na kila aliye chini ya paa letu hapo Wundanyi. Natumaini baridi ya mwezi huu haijawaonea sana. Goti la mama linaendeleaje? Yale mafuta niliyomtumia yalifika? Na Mkamburi, je, kikohozi kimemwacha ama bado anawaamsha nyote alfajiri? Mwambie Mwakio mdogo kwamba nimeiona picha ya ng'ombe aliyoichora na nimeibandika ukutani. Ng'ombe ana miguu mitano lakini ni ng'ombe mzuri.

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua dada yako alikuletea habari alizozisikia sokoni Voi, kwamba mke wako ameungua na miale ya bomu huko Lamu. Hakukuwa na bomu. Sijaungua. Damu yangu imepimwa mara mbili na wamesema iko sawa. Ila jambo limetokea, na mimi nimo ndani yake kuliko nilivyokwambia, na kila nikijaribu kulisema kwa mdomo nashindwa. Ndiyo maana naandika. Soma mpaka mwisho kabla hujaniambia nirudi nyumbani.

Unakumbuka mwaka jana nilipofurahi kwamba kazi yangu ilisifiwa mkutanoni? Niliwahi kukuambia nilisifiwa kwa nini? Ofisi zote za maeneo ziliagizwa ziandike mpango wa dharura za nyuklia na mionzi: kitu chenye mionzi kikipotea, au meli ikipata ajali, au mtu akiumia, nani afanye nini. Mkuu wangu aliniletea agizo lile mezani akicheka. Akasema, "Mkawasi, hapa kwetu nyuklia itatoka wapi? Andika kitu tupeleke."

Nami nilicheka. Nikaketi siku moja, nikatafuta kwenye mtandao mpango wa mji mmoja wa Ulaya, nikautafsiri harakaharaka, nikafuta jina la mji wao nikaweka Lamu. Mwishoni kulikuwa na fomu ya vifaa. Iliuliza: vifaa vya kupimia mionzi vipo vingapi? Ukiandika sifuri, fomu inarudishwa na maswali. Nikaandika viwili, vipo ghalani. Ghala lenyewe unalijua, umeliona ulipokuja: mahema, mablanketi na pampu moja ya maji isiyofanya kazi. Mkuu akatia sahihi bila kufungua ukurasa wa pili. Mpango ukapigwa chapa, ukafungwa kwa jalada la buluu, tukasifiwa kwamba tumemaliza mapema.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Kuna kijiji kinaitwa Mkokoni, bara, upande wa kaskazini, kinachokabiliana na kisiwa cha Kiwayu. Sikuwahi kufika huko kabla ya haya. Zahanati ya huko ina muuguzi mmoja, Bi Nuru, mwenyeji wa hapa Lamu mjini, mtu wa maneno machache. Jumanne moja asubuhi alinipigia simu. Akasema, "Bi Mkawasi, hapa nna mtu ameungua mkono na kifua, na yeye yuwasema hakuguswa na moto. Nimempa dawa ya kuungua siku nne. Kidonda chazidi kushuka ndani."

Nikamuuliza kama ana dalili nyingine.

"Alitapika sana juma lililopita. Twalidhani ni samaki."

Baba Mkamburi, miaka mitatu iliyopita nilipelekwa mafunzo ya siku mbili. Karibu yote nimeyasahau. Lakini kulikuwa na picha moja ya mkono wa mtu, na mwalimu alisema: ukiona jeraha la moto lisilo na moto, uliza mtu huyu ameokota nini. Nikamwambia Bi Nuru amuulize hivyo hivyo.

Nilimsikia akiuliza, na sauti ya mzee ikijibu kwa mbali. Akarudi kwenye simu. "Yuwasema hakuokota kitu. Alinunua risasi ya kutia kwenye nyavu."

Mzee huyo ni Bwana Lali, fundi wa nyavu. Watu wa Mkokoni na hata wa Kiwayu humletea nyavu zao azitengeneze. Ukingo wa chini wa wavu hufungwa vipande vya risasi, yale madini mazito na laini, ili uzame, na risasi siku hizi ni adimu. Alikuwa amekuja mjini, akakuta kwa muuza vyuma chakavu kopo zito, nene, risasi tupu, lililotoka kwenye kambi ya mkandarasi mmoja wa barabara aliyemaliza kazi upande wa Kililana akaondoka. Kwa fundi wa nyavu ile ilikuwa bahati. Alilichukua, akaliyeyusha kwenye sufuria kuukuu uani kwake. Risasi ilipoyeyuka, kikaelea juu yake kipande kidogo cha chuma cheupe, kinang'aa, hakikuyeyuka. Akakitoa kwa kijiti, kikapoa, akakitia mfuko wa shati. Alikaa nacho mfukoni siku mbili.

Lile kopo halikuwa kopo. Lilikuwa ngao ya chombo cha mionzi cha kukagulia vyuma vya ujenzi. Risasi ile nene ndiyo iliyokuwa ikizuia mionzi ya kile kipande kisidhuru mtu, na yeye alikuwa ameivua.

Niliipigia ofisi ya Nairobi inayohusika na mambo hayo. Kijana aliyepokea alikuwa mtaratibu, hakuniharakisha. Nikamweleza. Akasema, "Sawa, naangalia orodha yenu. Mna vifaa viwili vya kupimia. Pelekeni kimoja huko, mtupe kipimo, ndipo tujue tunakuja na timu gani."

Nikasema, "Havifanyi kazi."

"Vyote viwili?"

"Vyote."

"Nipe namba zilizoandikwa juu ya vifaa, nione kama vilisajiliwa kwetu."

Nilikuwa nimesimama dirishani. Chini barabarani mtu alikuwa akiswaga punda waliobeba mchanga, na nakumbuka niliwahesabu punda wale, wanne, kana kwamba kuhesabu punda kungenipa jibu. Kisha nikasema, "Havipo. Havikuwahi kuwepo. Niliandika mimi."

Halafu akasema kwa sauti ile ile ya utaratibu, "Basi tunakuja na kila kitu. Kesho kabla ya adhuhuri. Wewe nenda sasa hivi. Kila mtu akae mbali. Asikiguse mtu, asikifunike mtu, asikitupe mtu. Mbali tu. Umenielewa?"

Nilielewa. Lakini muda wa kuongopa mara ya pili pale simuni, nadhani haukuzidi dakika moja, bado unanirudia kila siku kuliko ule uongo wa mwaka mzima.

Boti ilichukua zaidi ya saa mbili. Nilikuwa na jalada letu la buluu mkobani, maana nilidhani ukiwa na mpango unausoma. Nikaufungua njiani, jua kali, maji yakinirukia. Ndiyo mara ya kwanza niliusoma kama mtu anayeuhitaji. Ulisema wananchi washuke kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Ulisema wasikilize ving'ora vya mji. Ukurasa wa kumi na nne ulisema magari ya kuondoa theluji yatumike kufunga barabara. Theluji, Baba Mkamburi. Nililitafsiri mwenyewe neno hilo, nikaliandika, nikaliwekea nukta mwishoni. Mkokoni nyumba nyingi ni za udongo na makuti, na nilipokuwa nikiwaza hayo tayari nilikuwa naziona.

Bi Nuru alinipokea ufuoni. Tukaenda zahanati kwanza. Bwana Lali alikuwa ameketi kitandani, mkono wa kulia umefungwa bandeji, shati limefunguliwa. Sitakueleza kifua chake. Aliniona nikitazama, akajifunika kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuhurumiwa.

"Karibu, mwanangu, keti," akasema. "Risasi ndema sana ile. Laini. Hata haikutaka moto mwingi."

Nikamuuliza kile kipande kiko wapi.

"Kilinichosha mfukoni. Nimempa Bi Somoe."

Bi Somoe ni mkewe. Anashona kofia, na anajulikana kwa hilo. Kile kipande alikipenda kwa uzuri wake, akakitia kwenye mkebe wake wa sindano. Na mkebe ulikaa barazani kwake, ambako wanawake watano au sita wa jirani huketi naye kila siku wakishona, kuanzia asubuhi mpaka jua linapogeuka. Tulipofika walikuwa hapo. Walikuwa wakicheka jambo fulani. Mkebe ulikuwa katikati yao juu ya mkeka, na mmoja wao alikuwa anatia mkono achukue uzi.

Nilipaza sauti nikamwambia auache. Walinitazama wote kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Bi Nuru ndiye aliyeniokoa. Alisema nao kwa lugha yao, taratibu, akawataja mmoja mmoja kwa jina, wakainuka.

Bi Somoe hakuinuka. Ni mwanamke mkavu, mrefu, miaka sitini hivi. Akaniuliza, "Kina harufu?"

"Hakina."

"Kina moto?"

"Hakina."

"Mato yangu hayaoni kitu hapa. Twakimbia nini?"

Nikamwambia kitu hicho ndicho kilichomchoma mumewe, na kinamchoma yeye sasa hivi tukizungumza, na kwamba hatasikia maumivu mpaka siku nyingi zipite. Nilimwona uso ukibadilika. Alitazama mkebe, akatazama upande wa zahanati. Kisha akaunyakua ule mkebe akaanza kwenda ufuoni.

"Bi Somoe," nikamwita.

"Niwata nikakitupe mayini, kisimdhuru mtu mwingine," akasema, akitaka nimwache apite.

Nilimkimbilia. Sikufikiria agizo la kukaa mbali wala mafunzo. Nilimshika mikono kwa nguvu, mkebe ukaanguka, ukafunguka, sindano na vifungo vikatawanyika mchangani, na kile kipande kikaanguka kikang'aa hapo karibu na mguu wangu. Kidogo hivyo. Kama kalamu ya risasi iliyokwisha. Nikamvuta Bi Somoe kwa mikono yote miwili na tukakimbia, mimi na yeye, kama mtu na mama yake kabisa, mpaka kwenye kisima.

Hapo ndipo hofu ilipomfika. Alikaa chini akasema, "Kimelala kitwani kwangu siku sita. Mkebe huuweka karibu na mto." Hakulia. Alikuwa akiipitisha mikono yake usoni, akiitazama, pande zote mbili.

Chifu alikuja, watu wakaja, kila mmoja ananiuliza tuhame mpaka wapi. Sikuwa na kifaa cha kuniambia. Nilihesabu hatua arobaini kutoka pale kipande kilipoanguka, nikasema hapa. Hatukuwa na utepe wala vigingi. Tukatumia wavu. Wavu wa Bwana Lali mwenyewe, uliokuwa umemalizika, na risasi zake mpya zinaning'inia ukingoni, ndio tuliouzungusha kijijini kama ukuta. Nyumba kumi na moja zilibaki ndani. Wenyewe wakalala shuleni na kwa ndugu. Watu walikaa kando ya wavu jioni ile, wanaume, wazee, wanatazama mchanga mtupu, wananong'ona dua. Nami niliwaacha wakae hapo kwa sababu niliamini hatua zangu arobaini.

Asubuhi iliyofuata wataalamu walifika, wanne, wakaja na boti mbili. Yule aliyetangulia alishika kifaa mkononi kinacholia tik, tik. Alikuwa bado hajatufikia aliposimama, mbali kabisa, kwenye mnazi wa mwisho karibu na msikiti. Akauliza nani aliyeuweka wavu pale.

Nikasema mimi.

"Uko karibu mno," akasema. "Waondoeni watu wote wanaokaa hapo. Sasa."

Hakusema kwa ukali. Nilitamani angesema kwa ukali.

Kukiondoa hakukuchukua hata robo saa. Mtu mmoja alikwenda na koleo refu kama mti wa ngalawa, akainama, akakidaka, akakitumbukiza kwenye chungu kipya cha risasi, akafunga. Kifaa kikanyamaza. Kijiji kizima kilisikia kile kifaa kikinyamaza. Wakapima nyumba, kisima, mchanga, samaki, na zile risasi za nyavu, moja baada ya moja. Zote safi. Kipande hakikuwa kimepasuka. Yule mtaalamu alisema lau kingepasuka ndani ya sufuria, Mkokoni isingekalika tena.

Bwana Lali alisafirishwa Nairobi siku ile ile. Wamemkata vidole vitatu vya mkono wa kulia, na kifuani wamempandikiza ngozi ya paja. Anaishi. Nyavu hatashona tena. Bi Somoe na wanawake wale walichukuliwa damu, wawili bado wanafuatiliwa, yeye akiwa mmojawapo. Samaki wa Mkokoni walikosa mnunuzi karibu mwezi mzima ingawa karatasi ya kuonyesha ni safi ilibandikwa kila mahali.

Siku ya kutoa ripoti, tulikaa watu wengi chumbani. Mkuu wangu alisimama akasema mpango ulifanya kazi, kwa kuwa ofisi ilichukua hatua ndani ya siku moja na kitu kikapatikana. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake na jalada la buluu mapajani. Nikasimama. Sikupanga kusimama. Nikafungua ukurasa wa kumi na nne nikawasomea ile sentensi ya magari ya theluji, kisha nikawasomea orodha ya vifaa, nikasema jina langu na kwamba niliyaandika mimi, na kwamba Nairobi walikuwa wakisubiri kipimo kutoka kwa vifaa ambavyo vilikuwa ni wino tu.

Hakuna aliyecheka. Mkuu aliketi taratibu. Baadaye ndani ya ofisi akaniambia, "Ungeniambia kwanza." Nikamjibu, "Ungesoma kwanza." Nimepata barua ya onyo, na nadhani naye amepata, hatujaulizana. Hawajanifukuza. Wamenipa kazi ya kuandika mpango upya.

Hapo ndipo nilipo sasa, na hapo ndipo panaponitisha kuliko mengine yote. Nimeitembelea Mkokoni mara tatu. Mara ya kwanza Bi Somoe aliniuliza mlangoni, kabla sijaketi, "Yasemwa ni wewe uliyeandika ile karatasi. Ni kweli?" Nikasema ni kweli. Akaingia ndani. Nilikaa barazani peke yangu muda mrefu nikidhani amenifungia. Akatoka na chai. Akasema, "Basi andika tena. Na ukisha, ndoo unisomee mimi kabla hujampelekea yeyote." Ndoo kwao ni njoo.

Ijumaa iliyopita nilimsomea. Bwana Lali alikuwepo, amerudi kutoka hospitalini, mkono umefungwa, anasikiliza macho yamefumbwa. Wanawake wa kofia walikuwepo. Bi Nuru alikuwepo. Walinikatiza kila mstari. Nilipoandika barabara wakasema hakuna barabara, sema boti, na useme maji yakiwa yametoka boti itafikaje. Nilipoandika watu wakusanyike shuleni wakauliza wazee wasioweza kutembea wabebwe na nani. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Kisha, chini ya ukurasa ule wa kwanza, nikafika mahali pameandikwa kwamba ikitokea dharura, wananchi watajulishwa.

Bi Somoe akaweka sindano chini. "Na nani?"

Nikasema, na ofisi.

"Ofisi haina mdomo. Na nani?"

Baba Mkamburi, wote walikuwa wakinitazama. Hata Bwana Lali alikuwa amefumbua macho. Nikaandika jina langu, Mkawasi, na namba yangu ya simu chini yake, mbele yao, kwa kalamu. Bi Somoe akaniambia nisome tena, nikasoma. Akaitikia kwa kichwa, akaokota sindano yake.

Kwa hiyo usinikasirikie. Najua ulishamwambia mama nitarudi mwezi huu. Sitarudi mpaka awepo mtu mwingine aliyefunzwa na jina lake likae pale badala ya langu, na mpaka kifaa cha kweli kiwe ghalani, nikione, nikiwashe, nikisikie kikilia.

Nisalimie mama mkwe na umwambie nimekumbuka viazi vyake. Msalimie dada yako, wifi yangu wa Voi, umwambie nimesamehe habari za bomu. Salamu kwa mjomba Mwandoe, na kwa mwalimu wa Mkamburi anayemvumilia. Wabusu watoto, mmoja mmoja, kabla hawajalala.

Ni mimi mkeo, mwenye jina kwenye ukurasa wa kwanza,

Mama Mkamburi